Usiniandike Bila Kuniambia

MZEE WA BOMA: Kijana, nasikia kila jioni unaandika uliyoyaona mchana, kisha unayaweka kwenye intaneti yasomwe hadi Ulaya. Umeamkaje, chai ilikuwaje, stima ilipotea saa ngapi: hayo ni yako, sina neno. Lakini mimi napita mbele ya lango lako na mbuzi asubuhi na jioni. Kwa hiyo na mimi nimo. Nani aliniuliza?

FUNDI WA PROGRAMU: Hakuna aliyekuuliza, Mzee, na kusema kweli sidhani nilihitaji kuuliza. Barabara ni ya wote, na mbuzi wanaonwa na wote. Kazi yangu ni kuandika programu za kampuni zilizo mbali, vitu ambavyo sitaviona vikitumika hapa Kona Baridi. Shajara ndiyo kazi pekee ninayoifanya inayohusu mahali ninapolala. Nimefunga kipima upepo juu ya mnara wa tanki, naandika kilivyosoma. Naandika tokeni za umeme zimekwisha lini, lori la maji limeuza kwa bei gani, intaneti imezorota saa ngapi. Ukiniondolea wapita njia, kitakachobaki ni taarifa ya hali ya hewa.

MAMA WA DUKA: Na taarifa ya hali ya hewa nani angeisoma? Mimi nasoma kwa sababu ya watu. Wateja wangu pia. Mtu anakuja kutoa pesa ya M-Pesa, kabla hajataja namba anauliza Fundi ameandika nini leo.

MZEE WA BOMA: Unasikia? Msomaji si mtu wa Ulaya peke yake. Msomaji ni mtu anayenidai.

WAKILI: Niseme ya sheria mapema, kwa sababu haitatutosha. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inampa Fundi uhuru wa kujieleza. Ibara ya 31 inampa Mzee haki mambo ya familia yake yasianikwe pasipo sababu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hiyo humwachilia mtu anayeshughulika na habari za wenzake kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Swali ni kama kitu kinachosomwa dukani kwa Mama bado ni jambo la nyumbani.

FUNDI WA PROGRAMU: Kinaandikwa nyumbani. Hata mashine inayokihifadhi iko sebuleni kwangu, inatumia umeme wa sola. Sikukodi nafasi kwa mtu yeyote ng'ambo.

WAKILI: Mahali ilipo mashine si hoja. Kuna mama mmoja wa Uswidi, Bodil Lindqvist, aliyekuwa akijitolea kanisani. Alitengeneza kurasa za intaneti kwa kompyuta yake ya nyumbani, akaandika habari za wenzake wa parokiani kwa mzaha mzaha: huyu anafanya kazi hii, yule anapenda kile. Mmoja alikuwa ameumia mguu na kwa ajili hiyo amepunguziwa kazi. Akaliandika na hilo. Wenzake hakuwaambia. Alishtakiwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2003 majaji wakasema kitu kilichoachwa wazi kwa watu wasio na idadi hakiwezi kuitwa jambo la nyumbani. Si hukumu ya Kenya. Lakini sheria yetu ilichota mengi kwenye kisima kile kile.

FUNDI WA PROGRAMU: Mguu! Mtu anaburutwa mahakamani kwa mguu wa jirani. Wakili, ukilileta hilo huku kwetu, kuanzia Ngong hadi Namanga hakuna atakayethubutu kuandika kwamba jirani yake ana mafua.

WAKILI: Majaji walisema pia kwamba mahakama za nchi zipime haki hiyo pamoja na uhuru wa kujieleza. Sikusema yule mama alikuwa mtu mbaya. Nasema mguu ule ulikuwa habari ya afya ya mtu, na mwenye mguu hakuulizwa.

MAMA WA DUKA: Mguu ni kitu kidogo. Mimi niliandikiwa floti, pesa ya kuendeshea M-Pesa. Kijana wangu huyu aliandika, tena kwa roho safi kabisa, kwamba Ijumaa mtu asije kwangu kuanzia saa nane, kwa sababu ninafunga niende benki Kiserian. Alitaka wateja wasipoteze safari. Wateja wangu wote walikuwa wakijua tayari! Akawajulisha wasio wateja.

FUNDI WA PROGRAMU: Niliifuta siku hiyo hiyo, Mama.

MAMA WA DUKA: Uliifuta kwa kidole kimoja. Mimi nilibadili siku, nikabadili mtu wa boda boda, nikabadili na njia.

FUNDI WA PROGRAMU: Sawa. Sasa mwambie Mzee habari ya transfoma.

MAMA WA DUKA: Nitasema, sitaficha. Transfoma ilipoungua, sisi wote tulikuwa na hasira. Yeye alikuwa na tarehe na saa: ilianza kuyumba lini, ilizimika mara ngapi kabla ya kuungua, jokofu la nani liliharibika. Tulizipeleka ofisini zimechapishwa. Mafundi wakaja.

FUNDI WA PROGRAMU: Hasira haina tarehe, Mzee. Ndiyo maana ofisi haiogopi hasira. Na hili halikuanza na mimi. Mwishoni mwa Desemba 2007, nchi ilipoanza kuwaka na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, Ory Okolloh, mwanasheria, alikuwa na shajara yake ya mtandaoni, Kenyan Pundit. Watu wakaanza kumtumia habari za vijijini mwao. Akaandika mpaka zikamzidi nguvu. Januari 2008 akaomba watu wa teknolojia wachore ramani ya yaliyokuwa yakitokea, nao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia. Ikatoka Ushahidi, programu iliyokuja kutumiwa hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010. Chanzo ni nini? Mtu mmoja aliyekuwa na tabia ya kuandika.

MZEE WA BOMA: Huyo alikuwa anaandika vita. Wewe unaandika mbuzi.

FUNDI WA PROGRAMU: Na watu wangemtumiaje habari za vita kama hawakuwa wamemzoea katika mambo ya amani? Imani haijengwi siku ya moto. Aliandika ya kawaida, watu wakamjua jinsi anavyoona. Mimi nikiandika mbuzi leo, siku nitakayoandika jambo zito mtu atasema, huyu namjua, haongezi chumvi.

MZEE WA BOMA: Basi nikukumbushe jambo zito uliloandika. Mvua zilikosa msimu baada ya msimu, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 ikaisha. Kajiado yote ilinuka mizoga. Ulikuja bomani kwangu, ukakaribishwa, ukanywa chai ya rangi kwa sababu maziwa hayakuwako. Ulikaa pale ukiangalia ngozi zilizoegemezwa kwenye ua, ukanipa pole, nikakusindikiza. Usiku ukaandika nimepoteza ng'ombe wangapi na nimebaki na wangapi. Kwetu hayo hayatajwi. Mwanangu mwenyewe haniulizi. Mtu anayenitakia mema huuliza kama mifugo ni wazima, basi.

FUNDI WA PROGRAMU: Niliandika kwamba walikuwa ng'ombe . . .

(Idadi imeachwa hapa. Fundi aliitaja, Mzee akanyanyua fimbo kidogo kutoka chini, na mimi ninayeuandika mjadala huu sioni kwa nini msomaji aipate.)

FUNDI WA PROGRAMU: Sikuandika jina lako.

MZEE WA BOMA: Uliandika boma lililo kulia ukishuka kutoka kona, lenye mti wa mgunga langoni. Jina langu lilikuwa la nini tena?

FUNDI WA PROGRAMU: Niliandika hesabu kwa sababu hesabu ndiyo inayosikika. Kila ukame magazeti huandika "mifugo wengi wamekufa". Wengi ni wangapi? Msomaji aliyekaa mbali hawezi kumwonea huruma mtu aitwaye Wengi. Nilipotaja boma moja na idadi yake, watu nisiowajua walituma pesa za nyasi. Marobota yalishushwa hapa hapa, Mzee, na wewe ulikuwapo.

MZEE WA BOMA: Nilikuwapo, nikapokea. Waliobaki hai walibaki kwa nyasi zile, sitakula kiapo cha uongo mbele ya Mama. Lakini baada ya lori la nyasi alikuja mwanamume na gari jeupe. Hakuuliza habari za nyumbani. Alijua nimebaki na wangapi, na kutoka hapo alipiga hesabu nitavumilia mwezi mmoja au miwili kabla ya kuuza ekari. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya mtu aliyesoma.

WAKALA WA PLOTI: Huyo hakuwa mimi.

MZEE WA BOMA: Sikusema ni wewe.

WAKALA WA PLOTI: Nasema mapema. Lakini maadamu nimesimama, niseme kweli: shajara ya Fundi imeniuzia ploti kuliko mabango yangu yote. Mteja wa siku hizi, yule wa kufanya kazi na laptopu, haulizi udongo, haulizi hata maji vizuri. Anauliza intaneti. Mwisho wa 2024, Starlink waliposema hawana nafasi tena kwa wateja wapya wa Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Murang'a, simu yangu ilinyamaza. Fundi akaandika yeye anatumia nini badala yake, na kasi yake asubuhi, mchana na usiku. Simu ikaanza kuita. Na ile aliyoandika kuhusu ukungu unavyopanda kutoka Bonde la Ufa kabla jua halijakaza, niliinakili neno kwa neno nikaiweka kwenye tangazo la ploti za hamsini kwa mia.

FUNDI WA PROGRAMU: Uliichukua bila kuniuliza?

MZEE WA BOMA: Eeh. Sasa tumeanza kuelewana.

FUNDI WA PROGRAMU: Si sawa hata kidogo, Mzee. Yale ni maneno yangu. Nilikaa nayo, nikayafuta, nikayaandika upya.

WAKILI: Na unalindwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ukitaka, kesho tunamwandikia barua.

WAKALA WA PLOTI: Hakuna haja ya barua, nitalitoa.

MZEE WA BOMA: Ngojeni. Maneno yake yana sheria ya 2001, na barua, na wakili yuko tayari kesho. Ng'ombe wangu waliomo ndani ya maneno hayo wana sheria ya mwaka gani?

WAKILI: Mzee, hapo umenikamata. Hakimiliki humlinda aliyeandika. Aliyeandikwa anaambiwa atafute mlango mwingine: faragha, data, kashfa. Na kashfa haimfai, kwa sababu kilichoandikwa ni kweli.

MZEE WA BOMA: Ingekuwa uongo ningekanusha. Kweli ndiyo iliyonivua nguo.

WAKALA WA PLOTI: Lakini tusimbebeshe Fundi mzigo usio wake. Ardhi ya Kajiado haikugawanywa na shajara. Ranchi za vikundi zilianzishwa kwa sheria ya 1968, na kuanzia miaka ya themanini wenyewe wakaanza kuzipasua, kila mtu na hatimiliki yake. Barabara ikaja, viwanda vya Athi River vikaja, Kitengela ikawa mji. Mimi nilikuta meza imeshaandaliwa.

MZEE WA BOMA: Ni kweli, tulipasua wenyewe. Mwaka 2000 ndugu zetu wa Kitengela, wanaopakana na mbuga ya Nairobi upande usio na ua, walianza kulipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasizungushe waya, wasiuze, wanyama wapite. Pesa ilikuwa ikija karibu na siku za karo. Lilikuwa jambo zuri. Lakini weka dola 4 upande huu, upande wa pili mtu aliyeona picha ya machweo kwenye simu, uniambie ekari itaelekea wapi.

FUNDI WA PROGRAMU: Na mimi nikinyamaza, itaelekea wapi? Huko huko. Tofauti ni kwamba Kona Baridi itakuwa imeandikwa na tangazo lake peke yake. Miaka hamsini ijayo mtu akitaka kujua palikuwaje hapa, atakuta "ploti tambarare, hati tayari, mandhari ya kuvutia". Hatakuta bei ya maji. Hatakuta kwamba kulikuwa na mzee aliyepita na mbuzi na akisikia upepo umegeuka anajua mvua haiji, na kipima upepo changu kilikuwa kikimkubalia.

MZEE WA BOMA: Hilo umelisema vizuri, na sina jibu lake. Lakini wewe nawe hujajibu langu. Sikukuambia unyamaze. Nilisema uniulize.

MAMA WA DUKA: Kuna mambo hata ukiuliza hayafai. Kila mtu wa Kajiado anamkumbuka Mohawk, yule simba dume aliyetoka mbugani akafika Isinya, 30 Machi 2016. Neno lilisambaa simba yuko hapa, watu wakajaa, boda boda juu ya boda boda, kila mkono una simu. Simba akachanganyikiwa, akamjeruhi mtu, askari wa wanyamapori, KWS, wakampiga risasi. Mpaka leo watu wanabishana nani alimuua. Mimi nasema waliotangaza alipo wamo.

FUNDI WA PROGRAMU: Na ndiyo sababu siandiki mnyama yuko wapi. Fisi nikimsikia usiku naandika nimemsikia, upande sisemi. Nina mipaka, msinichore kama mtu asiye na mipaka. Kule Kipeto, kwenye mitambo 60 ya upepo, megawati 100, wako vijana wa huku huku ambao kazi yao ni kukaa na darubini wakitazama juu. Tumbusi akikaribia mapanga, wanaita kwenye redio mtambo usimamishwe. Fikiria: chuma chote kile, na kinachokizima ni jicho la kijana aliyekulia akichunga. Niliiandika kazi hiyo kwa furaha kuliko jambo lingine lolote. Na kabla ya kuiweka hadharani nilimsomea yule kijana mstari kwa mstari.

MZEE WA BOMA: Ulimsomea?

FUNDI WA PROGRAMU: Nilimsomea. Angeweza kupata matatizo na mwajiri wake.

MZEE WA BOMA: Kumbe kuuliza unajua. Unamuuliza mwenye bosi. Mimi sina bosi, kwa hiyo nilikuwa kama mti wa langoni, mtu anachora tu.

FUNDI WA PROGRAMU: Mzee . . .

MAMA WA DUKA: Mwache ameze hilo kwanza.

WAKILI: Nami nataka kuuliza. Kwa nini unaandika Kiswahili? Wenzako wengi wa kazi hiyo huandika Kiingereza, na majirani hawasomi wala hawalalamiki.

FUNDI WA PROGRAMU: Hapo nilijiamulia tangu mwanzo. Nilisoma waliotangulia, kina Ndesanjo Macha wa Tanzania, ambaye zamani hizo watu wakisema intaneti ni ya Kiingereza alikaa akaandika Jikomboe kwa Kiswahili. Nikajiuliza: nikiandika kwa Kiingereza, nani hatasoma? Mzee na Mama. Nani atasoma? Yule wa gari jeupe. Ningekuwa nawasengenya majirani mbele ya wanunuzi. Kwa Kiswahili, angalau anayeandikwa anaweza kuja kunigombeza kama hivi.

MZEE WA BOMA: Kwa hiyo nikushukuru kwamba umenisema nikisikia.

FUNDI WA PROGRAMU: Usinishukuru. Lakini kuna mtu anayekusema usipomsikia, na huyo hujamwita hapa.

MAMA WA DUKA: Mnagombana kama watu ambao hatari yao ni aibu tu. Mzee anamwogopa kijana, mimi namwogopea. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, kijana mwenye mke na mtoto, alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya kilichoandikwa mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi. Akaletwa hadi Nairobi, kituo cha Central. Hakutoka hai. Sasa leo huyu anaandika transfoma, kesho ataandika lori la mchanga linapita usiku ni la nani. Nitamtafuta kituo gani?

WAKILI: Na mahakama zimejaribu. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile kilichokuwa kikiwafunga watu kwa "matumizi mabaya" ya simu na mtandao. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018. Waandishi wa mtandaoni, kupitia chama chao BAKE, wakaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa, na Februari 2020 vikarudishwa. Mlango ukifungwa huku, unafunguliwa kule.

FUNDI WA PROGRAMU: Basi mmeona kwa nini siwezi kumpa kila anayetajwa ufunguo wa kufunga kalamu yangu. Leo ni Mzee na ng'ombe wake, na moyo wangu uko naye. Kesho ni chifu na basari za watoto: "Uliniandika bila kuniuliza." Nikikubali sheria ya Mzee, chifu ataitumia kabla ya Mzee.

MZEE WA BOMA: Chifu analipwa na nani?

FUNDI WA PROGRAMU: Na serikali.

MZEE WA BOMA: Basari ni pesa ya nani?

FUNDI WA PROGRAMU: Yetu.

MZEE WA BOMA: Basi mwandike mpaka wino uishe. Ng'ombe wangu wanakula pesa ya nani?

WAKILI: Nimesoma hukumu za kurasa nyingi ambazo hazikufika hapo.

FUNDI WA PROGRAMU: Lakini mstari huo haukai wazi kila mara. Mzee akimuuzia mtu ekari kumi na maji ya mto yakafungwa huko chini, hilo ni lake au letu? Na kuna jambo jingine: tunajua nini kuhusu watu wa zamani isipokuwa walichoacha bila kuombwa ruhusa? Teremka barabara hii hii ya Magadi hadi Olorgesailie. Louis na Mary Leakey walichimba pale miaka ya 1940, na mashoka ya mawe bado yamelala chini kwa mamia, kama watu wameyaangusha jana. Hakuna aliyewauliza. Leo watoto wa shule wanapelekwa kuyatazama, na tunajua watu wale walikula nini na jiwe walilitoa wapi.

MZEE WA BOMA: Wale wamekufa. Mimi bado naenda sokoni Kiserian.

MAMA WA DUKA: (anacheka) Na anadaiwa huko!

MZEE WA BOMA: Nikifa andika, chimba, pima. Ila leo niko hai, na kuna neno ambalo nimelichelewesha kwa sababu ndilo lililonileta. Uliandika kwamba mwanangu hataki kuchunga. Kwamba anataka kusomea kompyuta, na hajui atamwambiaje baba yake.

FUNDI WA PROGRAMU: Sikumtaja jina.

MZEE WA BOMA: Mti wa mgunga una watoto wangapi?

FUNDI WA PROGRAMU: Mzee, yule mtoto ana kipaji. Amekaa na nyaya zangu mpaka amenishinda. Umesikia habari za Richard Turere wa Kitengela? Alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake karibu na mbuga, simba wakiwamaliza. Akajaribu moto, akajaribu sanamu ya mtu, simba wakazoea. Ndipo akaona wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, kipande cha pikipiki kinachowasha na kuzima indiketa, balbu za tochi mbovu na paneli ndogo ya sola, akazungushia boma. Miaka 11! Na huo ulikuwa wakati mgumu: Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki kule Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mwaka 2013 alisimama mbele ya dunia kwenye jukwaa la TED, miaka 13, akaeleza. Kama asingesikika, taa zile zingebaki kwenye boma moja.

MZEE WA BOMA: Turere namjua habari zake. Alisimama mwenyewe akasema kwa mdomo wake. Mwanangu alisemewa. Na mimi nilisikia dukani, nimekuja kutoa pesa ya karo.

MAMA WA DUKA: Nilidhani unajua, Mzee. Wallahi nilidhani unajua.

WAKILI: Ana miaka mingapi?

MZEE WA BOMA: 15.

WAKILI: Fundi, hapa sitakuwa upande wako. Kwa mtoto, sheria ile ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi, tena jambo lenyewe liwe kwa faida ya mtoto. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila wazazi kukubali.

FUNDI WA PROGRAMU: Shule ilikuwa inajitangaza. Mimi sikutangaza kitu. Na mtoto mwenyewe alijua. Nilimsomea, Mzee, kama nilivyomsomea yule wa darubini.

MZEE WA BOMA: Akasema nini?

FUNDI WA PROGRAMU: Akasema niiache. Labda utasoma.

MZEE WA BOMA: Mimi sisomi simu.

FUNDI WA PROGRAMU: Alisema Mama atakuambia.

MAMA WA DUKA: Mtoto huyo!

MZEE WA BOMA: Kutoka lango lako hadi langu ni hatua za mtu mzima asiyechoka. Ulikuja kwa chai. Ulikuja kuangalia ngozi. Kwa hili ulishindwa kuja?

FUNDI WA PROGRAMU: Ningekuja kama nani, Mzee? Nikuambie mwanao ameniambia mimi kabla yako?

MZEE WA BOMA: Ungekuja kama jirani, ningekufukuza, ungerudi wiki ijayo.

FUNDI WA PROGRAMU: Na wiki ijayo ungemruhusu?

MZEE WA BOMA: Unauliza kama jirani, au unataka kuandika?